Kromosomu X inayozimwa: Historia ya hoja ya Mary Lyon

Tarehe 22 Aprili 1961, jarida la kisayansi la Nature la Uingereza lilichapisha makala fupi iliyoenea katika kurasa mbili tu. Mwandishi wake, Mary Lyon, alikuwa na umri wa miaka 35, na kazi yake ilikuwa kuzalisha na kuchunguza panya katika maabara ya Harwell, kusini mwa Uingereza. Makala hiyo haikutangaza jaribio kubwa wala kifaa kipya. Ilikusanya mambo ambayo wataalamu walikuwa wakiyajua kila mmoja kwa upande wake, ikayaunganisha, kisha ikatoa hoja moja: katika kila seli ya mamalia jike, kromosomu X moja kati ya mbili alizorithi huzimwa angali kiinitete tumboni, na hubaki imezimwa maisha yake yote. Ipi izimwe, iliyotoka kwa baba au iliyotoka kwa mama, ni suala la bahati nasibu, na kila seli huamua peke yake.

Hoja hiyo ina maana nzito. Mwanamke si mtu wa aina moja ya seli mwili mzima. Katika ini, ngozi, ubongo na damu yake, seli zinazotumia X ya baba zimechanganyika na zinazotumia X ya mama. Mwanamume hana mchanganyiko huo, kwa kuwa X yake ni moja tu.

Zaidi ya miaka 60 imepita, na jambo hili bado halijapata nafasi inayostahili katika vyumba vya madarasa na vya matibabu. Ndilo linaloeleza kwa nini kipimo cha damu kinaweza kumpa mama wa Kilifi au wa Tanga jibu la kwamba yuko salama kutumia dawa fulani, ilhali nusu ya damu yake haiko salama. Ili kuelewa tulivyofika hapa, inafaa kurudi nyuma hadi kwenye wadudu, paka na panya waliofungua njia.

Kutoka kwa mdudu hadi kwa nzi

Mwaka 1891, mtafiti wa Kijerumani Hermann Henking alikuwa akichunguza mbegu za kiume za mdudu mmoja kwa hadubini. Aliona kitu chenye rangi nzito kilichokwenda upande mmoja tu pale seli ilipogawanyika, hivyo nusu ya mbegu zikawa nacho na nusu zikakikosa. Kwa kuwa hakujua ni nini, alikipa herufi X, na herufi hiyo ikabaki.

Aliyepata maana yake ni Nettie Stevens, Mmarekani aliyekuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi kabla ya kuingia chuo kikuu akiwa amevuka umri wa miaka 30. Mwaka 1905, akifanya kazi katika chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, alionyesha kwamba mbawakawa jike aina ya Tenebrio ana kromosomu 20 kubwa, ilhali dume ana 19 kubwa na moja ndogo. Mbegu iliyobeba ile ndogo ilizaa dume. Iliyobeba kubwa ilizaa jike. Edmund Wilson wa Chuo Kikuu cha Columbia alifikia matokeo yanayokaribiana na yake mwaka huohuo. Hapo ndipo dunia ilipojua kwamba jinsia ya mtoto hutegemea mbegu ya baba, jambo ambalo waume wengi katika jamii zetu hata leo hawalijui, na wake zao hulaumiwa bure. Stevens alifariki kwa saratani ya matiti mwaka 1912, kabla jina lake halijapewa heshima liliyostahili.

Katika mamalia, jike hurithi X mbili na dume hurithi X moja na Y moja. Y ni ndogo na jeni zake ni chache. X ni kubwa: kwa binadamu ina urefu wa herufi za DNA takribani milioni 155 na jeni zaidi ya 800 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Nyingi kati ya jeni hizo hazina uhusiano wowote na jinsia. Zipo zinazosaidia damu kuganda, zinazoimarisha misuli, zinazowezesha jicho kutofautisha rangi.

Basi likazuka swali. Kama jike ana jeni hizo mara mbili na dume ana mara moja, mbona jike hatengenezi protini hizo mara mbili? Chumvi ikizidishwa maradufu katika mchuzi, mlaji hutambua kwa tonge la kwanza. Na mwili nao huhisi kipimo cha jeni kinapozidi. Kuongezeka kwa nakala moja tu ya kromosomu ya 21, mojawapo ya kromosomu ndogo kabisa, huleta hali ya Down. X ni kubwa kuliko hiyo mara tatu.

Hermann Muller, mtaalamu wa jeni aliyekuwa akitumia nzi wa matunda, alilitaja suala hili waziwazi mwaka 1932. Aliona kwamba nzi dume mwenye X moja na jike mwenye X mbili hupata kiasi kilekile cha mazao ya jeni, akahitimisha kwamba lazima kuwe na njia ya kusawazisha. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba nzi dume huongeza kasi ya X yake moja hadi ifanye kazi ya mbili. Mamalia wamefuata njia nyingine kabisa, na dalili yake ya kwanza iliyoonekana kwa macho ilipatikana kwa paka.

Nukta katika seli za paka

Mwishoni mwa miaka ya 1940, daktari Murray Barr na mwanafunzi wake Ewart Bertram walikuwa wakifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario, mjini London, Kanada. Walitaka kujua kama seli za neva hubadilika zinapofanyishwa kazi kupita kiasi. Walisisimua kwa umeme neva inayoongoza ulimi wa paka, kisha wakakata vipande vyembamba vya tishu na kuvitazama kwa hadubini.

Katika seli za baadhi ya paka waliona nukta ndogo nyeusi ndani ya kiini. Kwa paka wengine haikuwepo kabisa, na haikuwa na uhusiano wowote na uchovu wa neva. Waliporudi kwenye kumbukumbu zao walikuta kwamba paka wote wenye nukta walikuwa majike, na wasio nayo walikuwa madume. Matokeo yao yalitoka katika Nature mwezi Aprili 1949. Nukta hiyo leo huitwa kiwiliwili cha Barr.

Barr na Bertram hawakujua bado kwamba walikuwa wakitazama kromosomu nzima iliyokunjwa na kubanwa. Dhana iliyoenea ilikuwa kwamba nukta hutokana na X zote mbili kukutana. Mwaka 1959 Susumu Ohno, mtafiti mzaliwa wa Korea mwenye asili ya Kijapani aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha tiba cha City of Hope, California, alichunguza pamoja na wenzake seli za ini la panya. Walionyesha kwamba nukta ile ni X moja tu iliyojikusanya, wakati mwenzake imenyooka na kufanana na kromosomu nyingine zote.

Ugunduzi wa Barr ulitumika pia mahali ambapo haukupaswa kutumika. Kwa kuwa nukta huonekana hata katika seli zilizokwanguliwa ndani ya shavu, viongozi wa michezo waliigeuza kuwa kipimo cha kuthibitisha uanamke. Katika Olimpiki za 1968 wanariadha wa kike walianza kupimwa hivyo. Mhispania María José Martínez-Patiño, mkimbiaji wa kuruka viunzi, alizuiwa kushindana katika mashindano ya vyuo vikuu mjini Kobe mwaka 1985 kwa kuwa seli zake hazikuwa na nukta. Alikuwa mwanamke aliyezaliwa na kulelewa hivyo, ila kromosomu zake zilikuwa XY na mwili wake haukuitikia homoni za kiume. Alinyang'anywa rekodi zake, akadhalilishwa hadharani, akarudishiwa haki yake mwaka 1988 baada ya kupigania jina lake. Nukta ya Barr hueleza idadi ya kromosomu X katika seli. Haikuwahi kuwa hukumu juu ya utu wa mtu.

Panya wenye mabaka wa Harwell

Mary Lyon alizaliwa Norwich, Uingereza, mwaka 1925. Alisoma elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Cambridge wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ingawa alifanya mitihani ileile waliyoifanya wanaume, chuo hicho kilikuwa bado hakiwapi wanawake shahada yenye hadhi kamili. Alipewa ya jina tu. Alimalizia shahada ya uzamivu Edinburgh, na katikati ya miaka ya 1950 alihamia Harwell, kwenye kitengo cha serikali kilichochunguza athari za mionzi.

Hizo zilikuwa zama za majaribio ya mabomu ya nyuklia, na serikali zilitaka kujua mionzi huharibu vipi urithi wa viumbe. Ndiyo sababu Harwell ilikuwa na maelfu ya panya, na ndiyo sababu Lyon alitumia siku zake akikagua manyoya, mikia na masikio yao, akitafuta mabadiliko mapya ya jeni.

Kati ya mabadiliko hayo lilikuwamo moja lililokaa kwenye X. Dume aliyerithi jeni hiyo kwa kawaida alifia tumboni. Jike aliyeirithi kwenye X moja aliishi, lakini manyoya yake yalikuwa na mabaka: sehemu yenye rangi ya kawaida, sehemu iliyofifia. Kwa nini mabaka, badala ya rangi moja ya katikati mwili mzima?

Lyon aliweka pamoja mambo matatu. Kwanza, panya jike mwenye X moja tu, badala ya mbili, alikuwa mzima na aliweza kuzaa, kwa hiyo X moja inatosha. Pili, Ohno alikuwa ameonyesha kwamba moja ya X mbili hukunjamana. Tatu, majike wenye jeni tofauti za rangi kwenye X zao mbili walikuwa na mabaka. Maelezo pekee yaliyobeba yote matatu yalikuwa kwamba kila seli huzima X moja mapema, na kila seli inayozaliwa nayo hufuata uamuzi huohuo. Baka moja la manyoya ni ukoo wa seli zilizotokana na mzazi mmoja.

Hoja hiyo ilieleza papo hapo jambo ambalo wafugaji wa paka walilijua kwa karne nyingi: paka mwenye mabaka meusi na ya rangi ya chungwa karibu kila mara ni jike. Jeni inayoamua chungwa iko kwenye X. Dume ana X moja, hivyo huwa wa rangi moja kati ya hizo; jike mwenye nakala mbili tofauti huvaa zote. Madume wachache wenye mabaka huwa na X ya ziada. Jeni yenyewe ilikuja kubainishwa na watafiti wa Japani na Marekani katika machapisho ya mwaka 2025: rangi ya chungwa hutokana na pengo dogo la DNA ndani ya jeni iitwayo ARHGAP36.

Ushahidi mwingine wa paka ulikuja Desemba 2001, wanasayansi wa Texas walipomzalisha paka wa kwanza duniani kwa kunakili seli ya paka mwingine. Mama yake wa kijenetiki, Rainbow, alikuwa na rangi tatu. Mtoto, aliyeitwa CC, hakuwa na chungwa hata kidogo, ingawa DNA zao zilikuwa zilezile. Seli aliyotokana nayo ilikuwa imekwisha kuzima X yenye chungwa.

Si wote waliomwamini Lyon mwanzoni. Hans Grüneberg, mtaalamu mashuhuri wa jeni za panya mjini London, alimpinga kwa miaka kadhaa. Lyon aliendelea kujibu kwa data, bila makelele. Kilichoamua mjadala ni damu ya binadamu.

Ushahidi wa damu

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, jeshi la Marekani liliwajaribia wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, dawa mpya za malaria, ikiwemo primaquine. Baadhi ya wafungwa, wengi wao weusi, walivunjikiwa seli nyekundu za damu walipoitumia. Mwaka 1956 sababu ilipatikana: walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda seli nyekundu zisiharibiwe na kemikali. Jeni ya kimeng'enya hicho iko kwenye X.

Ernest Beutler, daktari wa damu aliyefanya kazi katika kituo kilekile cha Ohno, alijiuliza swali sahihi. Mwanamke mwenye X moja nzima na moja yenye upungufu ana kiasi cha kati cha kimeng'enya. Je, kila seli yake ina nusu ya kiasi, au nusu ya seli zina kiasi kamili na nusu hazina? Mwaka 1962 alionyesha kwamba jibu ni la pili. Damu ya mwanamke huyo ni makundi mawili ya seli yanayosafiri pamoja katika mishipa ileile.

Mwaka uliofuata Ronald Davidson, Harold Nitowsky na Barton Childs wa Johns Hopkins walikuza seli mojamoja za ngozi za wanawake wenye aina mbili za G6PD. Kila ukoo uliotokana na seli moja ulitoa aina moja tu, kamwe si zote mbili. Hoja ya Lyon ilikuwa imethibitishwa kwa binadamu.

Chombo kipya cha utafiti kilikuwa kimepatikana pia. Mwaka 1965, David Linder na Stanley Gartler wa Seattle walipima uvimbe wa kizazi ambao wanawake wengi huupata. Ukuta wa kizazi ulikuwa na aina zote mbili za kimeng'enya, lakini kila uvimbe ulikuwa na aina moja peke yake. Maana yake kila uvimbe ulianzia kwenye seli moja. Njia hiyo ilisaidia kuthibitisha baadaye kwamba hata saratani nyingi huanza hivyo.

Malaria na damu yetu

Hapa ndipo historia hii inapoingia moja kwa moja katika Afrika Mashariki. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya na aliyekuwa ameonyesha mwaka 1954 kwamba wabeba jeni moja ya selimundu hukingwa na malaria, alichapisha mwaka 1960 utafiti wa upungufu wa G6PD katika damu ya Waafrika Mashariki. Aliona kwamba upungufu huo ulikuwa wa kawaida zaidi kwenye maeneo yenye malaria nyingi. Mwaka 1961 yeye na David Clyde waliandika juu ya malaria kwa watoto wa Kiafrika wenye upungufu huo. Ilionekana kwamba jeni hii, yenye madhara yake, ilikuwa imedumu kwa kuwa nayo humkinga mtu.

Kuthibitisha ilikuwa vigumu, maana watu hutofautiana kwa lishe, makazi na kinga ya mwili. Lucio Luzzatto na wenzake mjini Ibadan, Nigeria, walipata suluhisho mwaka 1969. Walichukua damu ya wanawake wenye aina mbili za seli na waliokuwa wakiugua malaria. Ndani ya mtu yuleyule, kwa kinga ileile na mbu walewale, walihesabu vimelea katika kila kundi. Seli zenye kimeng'enya kamili zilikuwa na vimelea mara 2 hadi 80 zaidi ya zile zenye upungufu. Mwili wa mwanamke mmoja ulikuwa jaribio kamili lenye pande zote mbili za ulinganisho. Miaka mingi baadaye Luzzatto alikuja kufundisha elimu ya magonjwa ya damu katika chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam.

Mwaka 2015 watafiti wa Kilifi, wakiongozwa na Sophie Uyoga na Thomas Williams, walichapisha uchunguzi wa watoto wa pwani ya Kenya. Waliokingwa dhidi ya malaria kali walikuwa wasichana wenye X moja nzima na moja yenye upungufu. Kwa wavulana wenye upungufu na wasichana wenye nakala mbili zake, kinga hiyo haikuonekana. Kuchanganyika kwa seli, yaani matokeo ya kuzimwa kwa X, ndiko kulikokwenda sambamba na kinga.

Lakini mchanganyiko huo una upande wake wa hatari. Kwa kuwa uzimaji ni wa bahati nasibu, mwanamke mmoja anaweza kuwa na asilimia 20 tu ya seli nzima, na dada yake mwenye jeni zilezile akawa na 80. Vipimo vya haraka vinavyotoa jibu la ndiyo au hapana huwanasa hasa wale ambao kimeng'enya chao kiko chini ya asilimia 30 ya kawaida. Wanawake walio kati ya 30 na 70 mara nyingi husomwa kuwa wazima. Wakipewa dawa inayovunja seli zenye upungufu, kundi hilo la seli zao huathirika. Ndiyo maana dawa ya malaria iitwayo tafenoquine, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, haitolewi kwa mtu mwenye chini ya asilimia 70, na hilo hujulikana kwa kipimo kinachohesabu kiasi, si kwa jibu la ndiyo au hapana. Mwaka 2008 dawa nyingine ya malaria, mchanganyiko wa chlorproguanil na dapsone, iliondolewa sokoni barani Afrika kwa sababu ya kushusha damu ya wagonjwa wenye upungufu wa G6PD.

RNA inayofunika kromosomu

Kwa miaka 30 baada ya Lyon, hakuna aliyejua jinsi kromosomu nzima inavyozimwa ilhali jirani yake, inayofanana nayo, inaendelea na kazi katika kiini kilekile. Sohaila Rastan, aliyefanya utafiti wake Harwell, alionyesha mwaka 1983 kwamba kuna eneo maalumu kwenye X linaloongoza kazi hiyo. Mwaka 1991 Carolyn Brown na Huntington Willard walitangaza jeni isiyo ya kawaida kutoka eneo hilo kwa binadamu. Jeni nyingi za X huzimwa kwenye kromosomu iliyolala. Hii huwaka kwenye kromosomu hiyohiyo peke yake. Waliiita XIST. Maabara nyingine, ikiwemo ya Rastan na Neil Brockdorff, zilipata mwenzake katika panya mwaka huohuo.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba XIST haitengenezi protini. Hutoa RNA ndefu ya herufi takribani 17,000 ambayo haitoki kwenye kiini. RNA hiyo hushikamana na kromosomu iliyoizalisha na kuifunika toka ncha hadi ncha. Mwaka 1996 kundi la Brockdorff lilionyesha kwamba X isiyo na jeni hiyo haiwezi kuzimwa.

Kinachofuata kimefafanuliwa hatua kwa hatua. RNA ya XIST huita protini, mojawapo ikiwa SPEN, ambayo maabara kadhaa ziliibaini mwaka 2015 kuwa ya lazima katika kunyamazisha jeni. Mashine ya kusoma DNA huondolewa. Protini za kundi la Polycomb huweka alama za kemikali kwenye histoni, yaani protini zinazokunjiwa DNA. Mwishowe vikundi vya methili hubandikwa kwenye DNA yenyewe, na hivyo kufuli hukazwa. Seli inapogawanyika, alama hizo hunakiliwa, kwa hiyo seli mpya huzima X ileile. Hakuna herufi ya DNA iliyobadilishwa. Ni yai tu, katika maandalizi ya kizazi kijacho, ambalo huiamsha tena X iliyolala.

Viumbe wengine wana taratibu zao. Kwa kangaruu na jamaa zake, X inayozimwa ni ya baba daima, kama Geoffrey Sharman alivyoripoti mwaka 1971, na hawana XIST bali RNA nyingine iliyogunduliwa mwaka 2012. Asili ilifikia suluhisho moja kupitia njia mbili.

Jeni zinazoponyoka, na maradhi

Uzimaji haukamiliki. Laura Carrel na Willard walionyesha mwaka 2005 kwamba takribani asilimia 15 ya jeni za X iliyozimwa huendelea kufanya kazi, na asilimia 10 nyingine hutofautiana kati ya mwanamke mmoja na mwingine. Hiyo ndiyo sababu mwanamke aliyezaliwa na X moja tu, hali iitwayo Turner, huwa mfupi na mara nyingi hawezi kushika mimba, ingawa kila seli ya mwanamke yeyote hutegemea hasa X moja.

Hiyo pia ni sehemu ya maelezo ya kwa nini lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, huwapata wanawake takribani tisa kwa kila mwanamume mmoja. Jeni ya TLR7, inayochochea kinga, ni mojawapo ya zinazoponyoka. Mwaka 2024 maabara ya Howard Chang ya Stanford ilionyesha kwamba hata RNA ya XIST pamoja na protini zilizoshikamana nayo zinaweza kuchokoza kinga: panya dume walioongezewa uwezo wa kuitengeneza waliugua maradhi yanayofanana na lupasi.

Uzimaji huamua pia ukali wa magonjwa ya kurithi. Mwanamke anayebeba jeni ya hemofilia au ya kudhoofika kwa misuli aina ya Duchenne kwa kawaida hana dalili kubwa. Bahati ikielemea upande mmoja na X nzima ikazimwa katika seli nyingi, naye huugua. Wamewahi kuonekana mapacha wa kike wanaofanana kila kitu, mmoja akiwa na Duchenne na mwingine mzima. Anayeambiwa kwamba "mbeba jeni haumwi" anaambiwa nusu ya ukweli.

Matumaini nayo yapo. Mwaka 2013 Jeanne Lawrence na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massachusetts waliingiza jeni ya XIST katika kromosomu ya ziada ya 21, ndani ya seli za mtu mwenye hali ya Down zilizokuzwa maabara. Kromosomu hiyo ikanyamaza. Si tiba bado, lakini inaonyesha kwamba utaratibu wa maumbile unaweza kuelekezwa kwingine.

Deni letu

Mary Lyon aliendelea na kazi Harwell kwa miongo mingi, akaongoza kitengo chake cha jenetiki kuanzia 1962 hadi 1987, akachaguliwa katika Royal Society mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Wolf mwaka 1997. Tuzo ya Nobel hakuipata. Alifariki siku ya Krismasi 2014, akiwa na umri wa miaka 89.

Kwa muda mrefu tiba ilimchukua mwanamume kuwa kipimo cha binadamu wote. Historia ya kromosomu X inakataa mazoea hayo. Kwa nchi zetu, ambako malaria na upungufu wa G6PD vinaishi pamoja, wizara za afya zihakikishe kwamba kabla dawa zenye hatari hiyo hazijasambazwa, wanawake na wasichana wanapimwa kwa vifaa vinavyohesabu kiasi cha kimeng'enya. Watafiti wanaojaribu dawa watoe matokeo ya wanawake kando na ya wanaume. Na walimu wa baiolojia wanapofundisha X na Y, wasiishie kwenye jinsia ya mtoto. Wawaeleze wanafunzi kinachotokea kwa X ya pili, kwa sababu wengi wa wanafunzi hao wanaibeba katika kila seli ya miili yao.